Kevo na Shiro Walikula Sahani Moja

Kibera, Makina
2 Februari 2025

Kwako Osewe, mtoto wa kaka yangu,

Natumaini karatasi hii imekukuta unapumua na umekula. Sisi huku tuko. Baba yako alipiga simu kutoka Ugenya. Mguu bado unamsumbua lakini mdomo hauna shida yoyote, aliongea mpaka simu ikazima. Anauliza utaoa lini. Nilimwambia aiulize hiyo maikrofoni yako. Bakhita mwenye ploti anakusalimia. Ameupaka ukuta wa mbele rangi ya kijani bila kumuuliza mtu, sasa kibanda changu cha vidio kinafanana na duka la dawa.

Naandika kwa sababu simu siwezi. Unajua mabati ya huku, nikisema neno moja nyumba ya tatu wananijibu. Kagiri wa boda huja kwako kila wiki kuchukua flashi, basi atabeba na barua. Nawe ujibu hivyohivyo.

Sasa nisikilize. Nimeonyesha watu sehemu tatu za kwanza za msimu wa mwisho wa Kengele ya Pili, na nimeona aibu kusimama pale mlangoni. Osewe, hii ni takataka gani? Misimu mitano tumekaa na hawa watoto shuleni. Tumewaona wakiruka ukuta, wakifeli hesabu, wakifungiwa stoo na Mwalimu Munyao. Sasa tunafungua msimu wa sita tunamkuta Kevo ana ndevu na tai, dada yake Shiro anafanya kazi kwa ofisi ya vioo, shule imefungwa na kengele yenyewe imeondolewa. Kengele ya Pili bila kengele. Na Mwalimu Munyao ameenda wapi? Mtu amechapa watoto misimu mitano halafu anapotea kama mpangaji aliyehama bila kuaga.

Huyo msichana wa nywele nyekundu naye ametoka wapi? Karibu nusu ya sehemu ya pili tunamwangalia akiosha mbwa. Bakhita aliinuka akaenda kukoroga uji wake, akarudi mbwa akiwa amekauka. Hakuwa amepitwa na kitu.

Sikulaumu kwa picha, picha wametengeneza wazungu wao huko. Wewe ni dijei, kazi yako ni kuweka Kiswahili juu ya maneno yao na kuwapa majina tunayoweza kuyataja. Lakini sauti ni yako. Nani huyo umemweka aongee kama Shiro? Anaongea kama mtu anayetangaza sabuni kwa spika ya gari. Shiro akilia, yeye anasoma. Shiro alikuwa na sauti yake, watoto wa hapa wanaiiga wakicheza. Irudishe. Sitaki hadithi, na usiniandikie habari za watu ambao sijauliza.

Kuna omena kwa mfuko mweusi. Usizizamishe kwa mafuta kama kawaida yako.

Ni mimi waya wako, shangazi yako mmoja,
Rosebella


Kawangware 46
11 Februari 2025

Waya Rosebella, niaje hapo Makina?

Mimi niko poa tu. Omena zilifika, ingawa Kagiri alikuwa amezionja njiani na anasema chumvi ilikuwa kidogo. Huku stima hupotea kila nikifika mahali patamu, na hapo chini wamefungua kanisa lenye ngoma mbili. Ukisikia kitu kinadunda nyuma ya Kevo akiwa ofisini, ujue ni maombi. Mwambie baba nitaoa siku atakayoacha kuuliza.

Kuhusu msimu, sitakubishia sana. Ni taka. Niliangalia sehemu za kwanza nikataka kurusha laputopu kwa mtaro. Walioandika wamechoka, wanaandika kama watu wanaotaka tu kufunga duka waende nyumbani. Lakini hiyo ya ndevu, waya, hapana. Ulitaka Kevo akae Form Tatu mpaka lini? Watoto hukua. Wewe uliwapenda kwa sababu walikuwa hawaendi popote.

Na sauti unaijua sababu yake, halafu unaniuliza mimi. Nitaiandika, maana huko hakuna mwenye ujasiri wa kukuambia. Trizah alikuwa Shiro tangu sehemu ya kwanza. Tulikuwa wawili chini ya meza yako, mimi Kevo yeye Shiro, tumejifunika blanketi ili kelele za nje zisiingie, na wewe ukituletea chai. Kisha mwezi wa kumi na moja Nalianya, mchumba wake, akatuma watu waulizie siku ya ayie, waje kwa mama wa msichana wasikie akikubali, kama tunavyofanya kwetu. Ukasimama mlangoni ukawaambia waende kwa aliyemzaa.

Waya, aliyemzaa ni dada yako Jael, na Jael yuko kaburini tangu Trizah akiwa wa kubebwa mgongoni. Ulitaka watu wa Nalianya wapeleke blanketi na sukari kaburini?

Trizah alikuwa nyuma ya pazia na trei ya vikombe. Alisikia yote. Sasa anakaa huku kwa rafiki yake, na amesema hataolewa bila mama yake kukubali, na mama ni wewe, hana mwingine. Nilimwomba arudi kwa maikrofoni. Akaniambia hawezi kupeleka sauti yake kwa nyumba ambayo ameambiwa yeye ni mgeni. Hiyo ndiyo sababu. Huyo wa sabuni ni Sumaya wa kompyuta za saiba, na anajitahidi kuliko unavyostahili.

Nijibu hiyo kwanza, kabla ya mbwa.

Osewe


Kibera, Makina
9 Machi 2025

Osewe,

Salamu zako nimezipata, ingawa zilikuwa fupi kuliko matusi. Huku ni Ramadhani, kwa hivyo naonyesha vidio baada ya futari. Bakhita huleta kaimati kwa bakuli na kuketi mbele kabisa, na hakuna mtu wa kumwambia asogee, ploti ni yake. Beth wa mboga amejifungua mtoto wa kiume. Mvua bado, lakini joto liko kwa mabati mpaka watu wanatoka wakiwa wameiva.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma, basi.

Huyo Nalianya wenu, fundi wa friji, nitamsemea neno moja tu. Alikuja kibandani mwaka jana nikaonyesha ile sehemu ya Mwalimu Munyao kutumbukia kwa tangi la maji. Unaikumbuka. Watu walilia kwa kicheko, Beth aliteremka kutoka kwa benchi akaketi chini. Yeye amekaa tu, mikono kwa magoti. Mwisho akaniuliza kwa nini tangi la shule halikuwa na mfuniko. Mtu wa namna hiyo utaongea naye nini jioni? Utamwandalia chakula halafu mtazamane?

Turudi kwa kazi. Wiki hii nimeonyesha sehemu ya nane. Nakiri kuna mahali palinishika, pale Shiro anapita kwa shule yao ya zamani akakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Hata yule wa sabuni hakuweza kupaharibu pale. Nilitazama kando kidogo. Halafu wakaleta upuzi wao tena. Kevo akatokea, akamshika Shiro kiuno.

Ndugu hushikana mkono wakivuka barabara. Kiuno ni cha nini? Watu wakaanza kunong'onezana. Bakhita akageuka akaniuliza mbele ya kila mtu, "Huyu si dada yake?" Nikasema pengine amechoka na ofisi, anamsaidia kusimama. Nilijisikia mjinga kabisa. Niambie kinachoendelea kabla sijaonyesha ya tisa.

Waya wako,
Rosebella


Kawangware 46
16 Machi 2025

Waya,

Mpe Beth hongera, na uniwekee kaimati mbili kama Bakhita hatazihesabu. Mimi sijalala vizuri, na sababu ni hiyo uliyouliza.

Nimefika mwisho wa msimu. Kevo na Shiro wanaoana.

Keti kwanza. Si kwamba wao huko wanaoa dada zao. Ni kwamba Kevo na Shiro si ndugu, hawajawahi kuwa ndugu. Shiro ni mtoto wa jirani. Mimi ndiye niliyesema ni ndugu, sehemu ya kwanza kabisa, na kuanzia hapo nikaendelea kusema hivyo misimu yote, na Kibera yote ikashika. Lakini wewe niambie, ungesema nini? Sehemu inafunguka, watoto wawili wako jikoni, wanakula sahani moja. Wanagombania mnofu. Mama mmoja anaingia, anawazaba wote wawili kofi moja moja, halafu anawapangusa mdomo kwa kanga ileile. Hayo maandishi ya chini yalikuwa yanapita mbio na mimi nilikuwa mtoto wa shule. Nikamwambia Trizah hao ni ndugu, tuendelee. Hata yeye hakuuliza. Kwako ndivyo ilivyokuwa. Nani anamlisha mtoto wa jirani hivyo na kumpiga hivyo kama si wake?

Sasa nimekwama. Naweza kukata harusi yote, lakini itabaki sehemu fupi kama tangazo. Naweza kusema harusi ni ya watu wengine na wao ni wasimamizi, shida ni kwamba wanapigana busu. Nimefikiria kusema ni ndoto. Wewe unaonaje?

Na ile nyingine bado hujajibu. Nalianya ameniuliza tena juzi, kwa upole, nikamwambia bado nasubiri barua yako.

Osewe


Kibera, Makina
13 Aprili 2025

Osewe,

Nilikaa kimya kwa sababu mvua ilikuja na hasira. Kona ya nyuma ilivuja siku mbili. Lile sanduku ambalo Shiro wako aliliacha chini ya kitanda nimelipandisha juu ya kitanda, nguo hazikulowa, na mimi nalala kwa kiti. Usimwambie mtu yeyote. Baba yako anasema mahindi yameota vizuri.

Nilikuwa nimesema sitaonyesha sehemu ya tisa mpaka nielewe. Watu wakanifuata mpaka chooni. Nikaonyesha. Nikafika ile ya kumi na moja, Kevo akambusu Shiro kwa lifti, na hapo, mtoto wa kaka yangu, ungekuja ujionee kazi ya mdomo wako.

Bakhita alisimama. Akasema, "Astaghfirullah, kwa kibanda changu," akafunika bakuli akatoka, na wanawake wa Makina wote nyuma yake. Hao Waluo wetu wa ziwa ndio walikuwa wabaya zaidi. Mzee mmoja alisema hiyo ni chira, nyumba hiyo watakufa mmoja mmoja, na akataka nizime kabla haijatuambukiza. Beth alilia. Anasema amewapenda hao watoto miaka yote na sasa anaona kinyaa, hata mtoto wake anyonye vipi na moyo kama huo? Mimi nilisimama na rimoti mkononi. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawasha.

Ndoto, Osewe? Unataka niwaambie watu waliotoka kazini wamechoka kwamba walichoona ni ndoto? Wakaaji wa Kibera wamedanganywa na watu waliosoma kuliko wewe, hiyo hawatameza. Usikate kitu pia. Nitajua.

Tengeneza. Usiniletee sehemu ya mwisho kabla haijawa sawa. Hao walioandika msimu huu ni watu wasio na haya, wamechukua watoto wazuri wakawavalisha tai na kuwaharibu. Lakini hata wao hawakufanya ulichofanya wewe. Kuhusu kosa lenyewe, nimelifikiria sana nikiwa kwa kiti. Sahani moja, kofi moja, kanga moja. Hata mimi ningesema ni ndugu. Mtu mwenye akili angesema nini kingine?

Waya wako,
Rosebella

Nalianya asitume mtu bado. Sijasema hapana. Nimesema bado.


Kawangware 46
27 Aprili 2025

Waya,

Pole na mvua. Fundi wa mabati nitamleta mwenyewe, usimwite yule wa mtaa wa Olympic.

Flashi hii ndiyo ya mwisho. Imetengenezwa, na si mimi niliyeitengeneza. Niliisoma barua yako kwa sauti mahali fulani, pamoja na maneno yako ya chini, na ile ya sanduku pia. Uliniambia nisimwambie mtu. Nilimwambia.

Aliniuliza Bakhita alisema nini hasa, na yule mzee alisema nini, na Beth. Halafu akaniambia nisogee kwa kiti. Nalianya alishikilia blanketi juu yetu mpaka mikono ikamtetemeka na hakunung'unika, nakuambia hivyo kwa sababu najua hutanisamehe nikikusifia mtu mwingine.

Onyesha watu wote. Mrudishe na Bakhita. Wewe pia uangalie mpaka mwisho, usiende kuchemsha chai.

Osewe


Kibera, Makina
11 Mei 2025

Osewe,

Sisi tuko salama. Fundi uliyemleta amefanya kazi safi, isipokuwa amekula kama watu watatu. Baba yako anakusalimia na hajauliza chochote, nadhani ni mgonjwa.

Nilionyesha sehemu ya mwisho jana. Bakhita alikuja, nilimwendea mwenyewe na sukari. Aliketi mbele amekunja mikono, anangoja dhambi. Yule mzee wa chira alisimama karibu na mlango ili awahi kukimbia. Wengine waliketi chini, wengine walichungulia kupitia nafasi ya mabati.

Nianze na ubaya wake, maana ni mwingi. Harusi gani ile? Gauni limeshonwa kama neti ya mbu. Wameimba wimbo mzima tukiangalia maua. Yule mbwa amevalishwa tai. Msichana wa nywele nyekundu ametoa hotuba ndefu kuhusu urafiki, na mpaka leo hakuna anayejua alikuwa nani. Mwalimu Munyao alirudi, hiyo nitawapa, aliingia na fimbo yake na watu wangu walipiga makofi mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini ni dakika moja tu, wakamketisha nyuma ya nguzo. Misimu mitano, halafu nguzo.

Kisha Shiro akainuka na gauni lake akaenda kwa kile chumba alimokuwa mama yake Kevo. Akafungua mlango, akaongea. Sauti haikuwa ile ya sabuni.

Sikuwa nimejitayarisha, Osewe. Ungeniambia. Nilishika mlango.

Akasema, "Mama, wewe hukunizaa. Aliyenizaa alikufa, ukanichukua ukanikalisha kwa sahani ya Kevo. Watu wakasema sisi ni ndugu, na wewe hukuwasahihisha, kwa sababu hukutaka nijue kwamba nilikuja." Kibanda kizima kikapumua. Yule mzee alitoka mlangoni akatafuta mahali pa kuketi. Bakhita peke yake hakukunjua mikono. Akaita mbele ya watu, "Na alimnyonyesha?" Kwa sababu kwao wakinyonya kwa mama mmoja ndoa haipo. Na papo hapo Shiro akasema, "Nilikuja nikiwa nimeshaachishwa kunyonya, nilikuja nikila ugali." Anawajua watu wa Makina, alikulia kwa miguu yao. Bakhita akasema haya, halali, endeleeni.

Halafu akasema, "Leo wageni wamekuja. Wanauliza mama yangu ni nani. Mama, niwaambie nini?"

Na wewe ukanyamaza. Yule mama kwa skrini alikuwa anaongea, midomo ilikuwa inaenda na machozi yanashuka, na wewe hukuweka hata neno moja. Nilidhani flashi imeharibika. Watu wote wakanyoosha shingo, wanangoja kusikia atajibiwa nini. Mtoto wa Beth alikohoa. Yule mama anaongea, anaongea, hakuna sauti, na Shiro amesimama pale mlangoni na gauni lake baya, anangoja.

Nikajibu mimi. Nikasema, "Waambie ni mimi."

Sikusema kwa upole. Nilisema kwa sauti ambayo naitumia kuita watu waingie ndani. Wakageuka wote wakaniangalia. Nikawaambia waangalie mbele, hawakulipa kuniona mimi. Harusi yenyewe sikuiona. Beth ananiambia hata keki ilikuwa mbaya.

Msimu huu ni mbovu, na atakayeniuliza nitamwambia hivyo. Ungeisha pale shuleni, wakiwa bado na sare. Mimi sikutaka aende, Osewe. Hakuna sababu nyingine, wala huyo fundi wa friji hakunikosea kitu. Kila jioni nikifunga kibanda nilikuwa na mtu wa kubishana naye, na nikaona wamekuja kumchukua.

Mwambie Trizah watu wa Nalianya waje Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, waje kwangu. Bakhita ametoa viti vyake na amesema atapika pilau, sijamwomba. Na yeye Trizah asije nao kama mmoja wa wageni. Msichana husubiri ayie akiwa nyumbani kwa mama yake. Aje Ijumaa alale hapa.

Mama Trizah